Kasuku aliyekatwa mabawa bado huruka

BARUA iliyonifikia majuma mawili yaliyopita imeandikwa na mwanafunzi wa Kidato cha Tatu anayeishi na wazazi wake katika mtaa mmoja wa mashariki mwa Nairobi. Ni ndefu, kurasa nne za daftari, na nilipoisoma nilitambua mara moja kwamba mwandishi wake hakuwa akitafuta maarifa tu. Alikuwa akitafuta mtu wa kumsemea mbele ya babake.

Kisa chenyewe ni hiki. Nyumbani kwao kuna kasuku wa kijivu, yule mwenye mkia mwekundu, wanayemwita Sultani. Waliachiwa na marehemu babu, ana umri wa miaka 19, na kibali chake cha Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS, kimewekwa ndani ya faili moja na vyeti vya watoto vya kuzaliwa. (Hakuna ajuaye kama Sultani ni dume au jike. Kasuku wa aina hii hufanana, na mpaka damu au unyoya wake upimwe katika maabara ndipo mtu ataweza kusema kwa hakika. Basi akitaga yai siku moja, msishangae.) Kila baada ya miezi michache mama humfunika kwa taulo, naye baba huchukua makasi na kuyakata manyoya marefu ya mabawa.

Jumamosi moja mchana kijana aliambiwa ampeleke Sultani juu ya paa la jumba lao la ghorofa tano apate jua. Akampandisha begani kama kawaida. Huko juu upepo ukavuma, mlango wa bati ukajibamiza, na kasuku akashtuka akaruka. Badala ya kuanguka chini kama walivyozoea kumwona akianguka sebuleni, aliinuka juu ya kamba za kuanikia nguo, akavuka barabara na kutua kwenye mkaratusi mrefu kuliko majumba yote ya hapo. Alikaa huko siku mbili, usiku na mchana. Aliposhuka siku ya tatu alikuwa amekonda na sauti imemkauka.

Tangu siku hiyo baba hasemi na mwanawe ila kwa shida. Na amenunua cheni. Ni nyembamba, ya kufungwa mguuni mwa Sultani, upande wa pili ufungwe kwenye chuma cha roshani. "Baba anasema nilimrusha kwa mchezo," anaandika kijana, "kwa sababu ndege aliyekatwa mabawa hawezi kuruka peke yake. Je, ni kweli? Na hiyo cheni ni sawa?"

Nianze na lile shtaka la kwanza. Si kweli. Ndege aliyekatwa mabawa huruka, na baba mtu hayuko peke yake katika kosa hili. Pengine ndiyo imani inayowapotezea watu kasuku wengi kuliko kusahau dirisha wazi.

Tazama bawa lilivyo. Manyoya kumi marefu yaliyo kwenye ncha ndiyo yanayomsukuma ndege mbele anapopiga mabawa. Yale yanayofuata, yaliyo karibu na mwili, kazi yake kubwa ni kumbeba. Makasi ya watu wengi hukata yale ya nchani tu, matano au sita kila upande, na kuyaacha ya kubeba. Kwa hivyo kasuku huyo amepungukiwa na msukumo, lakini kubebwa bado anabebwa. Ndani ya nyumba hewa imetulia, basi akijaribu kuruka hufika mahali pa karibu na kuanguka. Nje ni mambo mengine. Bawa halijali kama ni ndege anayekwenda mbele au ni hewa inayomjia. Upepo ukipita kwa kasi kwenye bawa lililokunjuliwa, mwenye bawa huinuka. Kasuku wa kijivu ana uzito wa gramu 400 hadi 500 hivi, yaani hata pakiti moja ya maziwa ya nusu lita yamshinda. Na paa la ghorofa ni mahali pabaya zaidi, kwa sababu upepo unaogonga ukuta wa jumba hulazimika kupanda juu, na huko juu ndiko kijana alikokuwa amesimama na Sultani begani.

Kisha kuna habari ya kuota upya. Unyoya uliokatwa haurefuki. Hukaa vilevile mpaka ung'oke wenyewe na mwingine uote mahali pake. Having'oki vyote siku moja; hubadilishwa polepole mwaka mzima, leo mawili, mwezi ujao jingine. Watu wa nyumbani hawaoni tofauti. Lakini manyoya mawili au matatu mapya kila upande, pamoja na upepo wa saa nane mchana, yatosha kumvusha ndege barabara. Ndipo husikika kilio kile kile: "Lakini tulimkata juzi tu!"

Sijasema lolote kuhusu madhara ya makasi yenyewe. Unyoya mchanga unaoota huwa na damu ndani ya shina lake. Ukiukata huo, damu hutiririka, na ndege mwenye uzito wa pakiti ya maziwa hana damu ya kuchezea. Wapo pia wanaokata bawa moja tu ili ndege asiweze kwenda sawa. Kweli haendi sawa: huzunguka kama tiara iliyokatika mkia na kujipiga ukutani. Nami ni mkosaji katika jambo hili. Miaka mingi iliyopita nilimkata kasuku wa jamaa yangu baada ya kuona mchoro kitabuni, nikazidisha. Jioni ile ile akaruka kutoka juu ya kabati la vyombo, akaanguka kama jiwe, na ngozi ya kidari ikapasuka juu ya mfupa. Daktari wa wanyama alimshona akapona, lakini kwa miezi mingi hakuthubutu kuondoka juu ya tundu lake hata aitwe kwa ndizi mbivu.

Watoto wetu wengi humjua kasuku kwanza kwa picha iliyo kwenye jalada la daftari, na ukimwona ametulia hivyo hivyo juu ya kijiti utadhani ndivyo alivyoumbwa. Anayetaka kumjua hasa na aende Entebbe, nchini Uganda, wakati jua linapozama. Makundi yao hupita juu ya miti yakipiga kelele, yakienda moja kwa moja na kwa kasi, mabawa hayapumziki. Hawaelei kama mwewe. Kwetu Kenya walikuwa wakionekana sana katika msitu wa Kakamega. Leo waliobaki huko ni wa kuhesabu. Ndege huyu huruka kutoka malaloni hadi kwenye miti yenye matunda na kurudi jioni, na hiyo ni safari ya kila siku.

Hata hivyo, kuruka si jambo la kuzaliwa nalo lote. Kinda huondoka kiotani akiwa na majuma 11 au 12, na baadaye hujifunza kugeuka, kujizuia hewani kabla ya kutua na, gumu kuliko yote, kushuka. Kushuka kutoka juu kwataka ndege ajue kuvunja mwendo wake mwenyewe. Sultani alikatwa mabawa angali mdogo. Masomo hayo hakuyapata. Upepo ulimpandisha, kisha akajikuta juu ya mti ambao hakuwa na njia ya kuuacha. Hakuwa mkaidi kule juu, wala hakuwa akifurahia uhuru. Aliwaona, aliwasikia, na njaa ilimuuma. Kijana anaeleza jinsi alivyoshuka hatimaye: tawi hadi tawi, kwa mdomo na kucha, mpaka kwenye tundu lake lililowekwa juu ya paa la kibanda cha muuza mboga. Alishuka kwa kutambaa. Hakuruka hata mara moja.

Sasa cheni. Nakuomba, mzee, usiifunge.

Mguu wa kasuku ni mkono wake. Ndio anaoshikia njugu, ndio anaopandia, na mifupa yake ni miembamba. Kasuku akishtuka huondoka kwa nguvu zake zote kwa mara moja, na cheni ikiisha, mwili mzima husimamishwa na mguu mmoja. Hapo mfupa huvunjika, au paja hutoka kwenye nyonga. Hili si jambo la ajali ya nadra. Ni jinsi cheni inavyofanya kazi. Na mkiifunga kwenye chuma cha roshani ya ghorofani, siku atakayorukia upande wa nje atabaki akining'inia kichwa chini hadi mtu arudi nyumbani.

Najua utauliza: mbona Waarabu wa Ghuba huwafunga kozi wao miguuni? Swali zuri. Kozi hupiga na kukamata windo kwa miguu, kwa hivyo miguu yake imezoea mishtuko. Tena hufungwa kwa vipande laini vya ngozi, miguu yote miwili, kwenye kitulio kilicho karibu na ardhi, na kamba ni fupi hata asipate kasi ya kujiumiza. Ni kazi yenye mafundi wake. Cheni ya dukani kwenye mguu mmoja wa kasuku haina uhusiano wowote na ufundi huo.

Lakini tusimlaumu baba kwa kutaka Sultani apate jua. Katika hilo ana haki kabisa. Kasuku wa kijivu, kuliko kasuku wengine wengi, hupatwa na upungufu wa kalsiamu mwilini, na ukizidi hutetemeka na hata kuanguka kifafa. Mwili wake wahitaji mwanga wa jua ili uweze kuitumia kalsiamu iliyomo katika chakula. Jua linalopita kwenye kioo cha dirisha halisaidii, kwa sababu kioo huzuia ule mwali unaotakiwa. Basi nje lazima atoke. Suala ni atoke vipi.

Njia ya kwanza, na kwa Sultani naona ndiyo bora, ni kitundu cha kubebea. Si lazima kiwe cha fahari. Kiwe cha vyuma imara, kijiti cha kusimamia kiwe chini ili asiyumbe, na mlango ufungwe kwa kufuli ndogo kwa maana kasuku hufungua komeo kama mtoto afunguavyo mtungi wa sukari. Msitengeneze kwa waya wa kuku. Waya huo ni mwembamba, domo la kasuku laweza kuukata, na mpako wake wa zinki ni sumu akiutafuna. Nusu ya kitundu ifunikwe kwa leso ili apate kivuli anapochoka na jua. Dakika 20 au 30 za asubuhi zatosha. Na mtu akae karibu muda wote. Nairobi ina mwewe wanaowanyang'anya watoto wa shule mkate mikononi, na kwenye mitaa yenye miti mingi kuna vipanga wanaokamata njiwa angani. Hata kama hawawezi kuingia ndani ya kitundu, kumwona mwewe akitua juu yake kwaweza kumfanya kasuku ajipige kwenye vyuma hadi aumie. Ndugu zetu wa Mombasa wana kunguru, nao wanajua ninachosema.

Njia ya pili ni mikanda ya kifua. Hii ni mikanda laini ambayo mmoja huzunguka shingo, mwingine hupita chini ya mabawa, na kamba hufungwa mgongoni. Mabawa hubaki huru. Ndege akiruka na kamba ikaisha, mshtuko huenea mwili mzima badala ya kuuangukia mguu. Ni kitu kizuri, ila si cha kununua asubuhi na kuvalisha mchana.

Kwanza elewa jinsi ndege anavyopumua. Sisi tuna kiwambo chini ya mapafu kinachopanda na kushuka. Ndege hana. Hewa huingia na kutoka kwa mfupa wa kidari kwenda mbele na kurudi nyuma. Ukikibana kidari, ndege huishiwa pumzi hata kama pua yake i wazi. Kwa sababu hiyo hiyo msimshike kifuani anapopambana nanyi. Mkanda uwe wa kuweza kupitisha kidole kidogo chini yake, usibane zaidi ya hapo, wala usilegee hata akaweza kuutoa bawa.

Pili, muda. Mikanda ikae kando ya tundu siku kadhaa aione tu. Kisha mpe njugu kupitia kwenye tundu la mkanda, ili kichwa apitishe mwenyewe kwa hiari yake. Wengine hufanya hivyo siku ya tatu, wengine mwezi wa tatu. Usimfunike taulo ukamvalisha kwa nguvu. Mara moja tu yatosha kuharibu kazi ya majuma mengi, na kasuku hasahau. Akishakubali kichwa, zoeza kuguswa chini ya mabawa, halafu ndipo kufunga, kwanza kwa dakika moja. Avae ndani ya nyumba mpaka awe anakula na kujikuna kama hakuvaa kitu. Aruke nayo ndani, kamba ikiburuta na wewe umeishika, ajue inapoishia.

Kamba yenyewe iwe na sehemu ya mpira unaovutika, na mwanzoni isizidi urefu wa mkono. Watu hupenda kamba ndefu wakidhani ndiyo huruma. Kamba ndefu humpa ndege nafasi ya kupata kasi, na kasi ndiyo inayoumiza inapokatizwa. Tena hunasa matawini. Ncha ya pili ifungwe kwenye kiganja chako au mshipi wako, isifungwe kwenye chuma wala kiti. Kila mara kabla ya kutoka kagua mikanda yote kwa vidole kama ina alama za meno, nikimaanisha mdomo, kwa sababu kasuku hutafuna kila kitu na uzi mmoja uliokatika wanatosha wawili: wewe na mwewe. Mkirudi ndani mvue. Asilale nayo.

Wapo kasuku ambao hawataikubali kamwe, hasa waliokwisha kuwa watu wazima, na hapo mwenye busara hurudi kwenye kitundu bila kuona haya.

Kuhusu makasi, ushauri wangu ni kuyaacha. Manyoya ya Sultani yataota, na itachukua miezi mingi, pengine mwaka. Yakiota ataanza kujaribu sebuleni, na mtahitaji kubadilisha desturi za nyumba: madirisha yafungwe au yawekewe wavu, pangaboi lizimwe, mapazia yafunike vioo vikubwa, na mlango wa jikoni ufungwe wakati sufuria ya ugali iko motoni. Ni usumbufu, sikatai. Lakini ndege anayejua kuruka na kutua mahali anapopataka, ikitokea ametoroka, ana nafasi ya kurudi. Asiyejua huchukuliwa na upepo.

Na wenye kasuku bila kibali, neno moja kabla sijasahau. Tangu Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya mwaka 2013, ndege huyu hawekwi nyumbani bila ruhusa ya KWS, na tangu mwaka 2017 yumo katika orodha ya juu kabisa ya mkataba wa kimataifa unaozuia biashara ya viumbe walio hatarini. Mwaka 2021 wenye kasuku wa kijivu walipewa muda wa kujiandikisha. Ndege wako akitoroka na huna karatasi, hata kuomba msaada kwa majirani kutakutia hofu.

Kijana anauliza pia kama walikosea namna ya kumtafuta. Kwa sehemu. Waliomrushia mawe ili ashuke walimfanya apande zaidi. Aliyeleta ngazi naye vivyo hivyo. Kasuku akiwa juu ya mti, mtu mmoja anayemjua abaki chini akimtazama, asimpoteze machoni, na watazamaji wengine waombwe kwenda zao. Tundu lake lenye chakula liwekwe mahali anapoweza kuliona, palipoinuka. Aitwe kwa maneno yale yale ya nyumbani, hasa saa moja kabla ya jua kuchwa, kwa maana huo ndio wakati ndege hutaka kurudi kwao. Giza likiingia hatasogea. Chagua alama kwenye mti ujue yuko tawi lipi, nenda kalale, urudi kabla ya saa kumi na mbili asubuhi, maana akiwa na njaa ya usiku mzima ndipo husikiliza vizuri zaidi. Familia hii ilifanya hivyo siku ya tatu tu, naye akashuka siku hiyo hiyo.

Kuna jambo kijana ameliandika pembeni mwa ukurasa wa mwisho, kama kitu kisicho na maana. Anasema tangu Sultani arudi, kila alfajiri kabla watu hawajaamka hupiga kelele ndani ya tundu: "Sultani, shuka! Shuka, baba!" Na sauti anayoiga si ya kijana. Ni ya babake.

Mzee, neno hilo msilipoteze. Mwanzie hapo. Simama kando ya kabati, Sultani akiwa juu yake, mwambie "shuka, baba" kwa sauti ile ile, na akikujia mkononi mpe njugu moja. Kijana akusaidie kushika njugu.